Masalia ya Saruji ya Mzizi: Historia ya Kusafisha Dentini, kutoka Karafuu za Pemba hadi Viti vya Meno vya Mbulu

Saruji ya mzizi ni rojo ya kuzibia mfereji wa ndani ya jino baada ya kiini kilichooza kutolewa. Sehemu kubwa ya mfereji hujazwa kwa vijiti vya gatapecha, utomvu mgumu unaofanana na mpira, na saruji huziba mianya inayobaki kati ya vijiti hivyo na ukuta wa mfereji. Saruji hiyo haiishii mzizini. Mganga anapokandamiza gatapecha, rojo hupanda juu, hupaka sakafu na kuta za chumba cha jino, na kuganda juu ya dentini, tabaka gumu linalofanana na mfupa lililo chini ya enameli. Kabla jino halijazibwa juu, masalia hayo yanapaswa kuondolewa.

Ugumu wa kazi hii unatokana na umbile la dentini yenyewe. Dentini imetobolewa na mirija midogo mno inayotoka kwenye kiini kwenda nje. Karibu na kiini, milimita moja ya mraba ina makumi ya maelfu ya mirija, kila mmoja ukiwa na upana wa takriban maikromita 2.5. Saruji ikiwa bado mbichi huingia humo. Jicho linaweza kuona ukuta mweupe na safi, ilhali vinywa vya mirija vimezibwa. Masalia yakiachwa, jino laweza kubadilika rangi, na kizibo cha juu hushika vibaya, kikaruhusu mate na vijidudu kupenya hadi mzizini. Mwaka 1995 Ray na Trope walichapisha uchunguzi wa picha za eksirei ulioonyesha kwamba uzima wa eneo la ncha ya mzizi hutegemea sana ubora wa kizibo cha juu, si ubora wa kazi ya mzizini peke yake. Usafi wa dentini ndio unaoamua kama kizibo hicho kitashika.

Mzizi kabla ya saruji

Tiba ya mzizi wa jino ilianza kwa vifaa vya kubuni. Mwaka 1838 Edward Maynard, mganga wa meno wa Marekani, alichonga kifaa cha kukwangulia mfereji kutokana na kamani ya saa. Gatapecha, utomvu wa miti ya Malaya, ilifika London mwaka 1843, na mwaka 1847 Edwin Truman akaitumia kuziba meno. Mwaka 1867 Bowman wa St. Louis aliitia ndani ya mfereji wa mzizi. Ilikuwa bidhaa ya thamani kubwa katika zama zile, kwa kuwa ndiyo iliyofunika nyaya za telegrafu za chini ya bahari. Waya uliounganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879 ni wa kizazi hicho cha nyaya.

Gatapecha ina kasoro moja: haigandi kwenye dentini. Ikiachwa peke yake mfereji hubaki na mwanya wa kupitisha majimaji. Ndiyo maana ilihitajika rojo ya kuunganisha, na rojo iliyotawala karne nzima ilitokana na zao la pwani ya Afrika Mashariki.

Karafuu ndani ya jino

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na jina la Saleh bin Haramil ndilo linalotajwa zaidi katika habari za kuuleta. Seyyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa kutoka bara, na hali hiyo ya kisheria iliendelea hadi mwaka 1897 utumwa ulipoondolewa Zanzibar kwa amri ya Sultani. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuumia kiasi hicho, na tangu hapo ikawa ndiyo nyumba ya karafuu.

Matumizi ya karafuu kwa jino linalouma yalikuwapo kabla ya kiwanda chochote. Pwani na bara, punje ya karafuu hutafunwa au hutiwa katika tundu la jino, na pamba yenye mafuta yake hufanya kazi hiyohiyo. Kinachotuliza ni yujinoli, kemikali inayochukua kati ya asilimia 70 na 90 ya mafuta ya karafuu. Hutia ganzi kidogo na kuua vijidudu. Mafuta hayo hayatoki kwenye punje peke yake. Makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya punje kuchambuliwa, na majani pia hukamuliwa kwa mvuke, na Kiwanda cha Makonyo kilichoko Wawi, Chake Chake, kinaendelea na kazi hiyo chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC.

Katika miaka ya 1870 waganga wa meno waligundua kwamba mafuta ya karafuu yakichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hutoa rojo inayoganda mdomoni. Rojo hiyo ilikuwa na sifa adimu: ilituliza jino na papo hapo ikaliziba. Ikawa dawa ya kawaida ya kuziba kwa muda, kisha ikaingia katika mfereji wa mzizi. Katika miaka ya 1920 na 1930 Rickert wa Marekani aliiunganisha na gatapecha, akaongeza unga wa fedha ili saruji ionekane katika picha ya eksirei. Louis Grossman wa Philadelphia alitoa mchanganyiko wake mwaka 1936, nao ulikuwa na fedha.

Hapo ndipo masalia yalipoonekana kwa mara ya kwanza kuwa tatizo. Fedha iliyobaki juu ya dentini iligeuka salfaidi nyeusi, na jino la mbele lililoponywa maumivu likawa jeusi kama lililokufa. Mgonjwa alipata nafuu na kupoteza tabasamu. Mwaka 1958 Grossman alichapisha mchanganyiko mpya usio na fedha. Rangi ikapungua, lakini yujinoli ilibaki. Waganga hawakulalamika kwa sababu vizibo vya wakati ule, hasa amalgamu, vilishika kwa umbo la tundu. Havikuhitaji kushikamana na dentini, kwa hiyo mafuta yaliyobaki hayakuvidhuru.

Rezini yageuza mambo

Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki kwa sekunde 30 hupata vijitundu ambamo rezini huweza kushika. Mwaka 1962 Rafael Bowen alipata hataza ya rezini iliyo msingi wa vizibo vyeupe vya leo. Mwaka 1979 Takao Fusayama wa Japani alieneza hatua ya kupaka asidi kwenye dentini pia, na mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi alieleza tabaka linaloundwa rezini inapojipenyeza katika nyuzi za dentini. Kizibo hakikushikwa tena na umbo la tundu. Kilishikwa na uso wa dentini, na uso huo ukilowa mafuta kizibo hung'oka.

Yujinoli ina madhara ya aina mbili kwa rezini. Kwanza ni ya kikemia: yujinoli hukamata chembe zinazosukuma rezini kukomaa, hivyo rezini iliyo karibu nayo hubaki laini. Pili ni ya mahali: saruji iliyoganda hutoa yujinoli pole pole kila inapogusana na unyevu, nayo hupita katika mirija ya dentini. Kufuta juu juu hakumalizi chanzo. Mfumo wa kupaka asidi na kusuuza hupunguza madhara hayo kwa kuwa huondoa tabaka la juu la dentini, ilhali mifumo inayochanganya asidi na gundi katika chupa moja huathirika zaidi.

Watafiti walitafuta saruji isiyo na karafuu. André Schroeder wa Uswisi alianzisha katika miaka ya 1950 saruji ya rezini ya epoksi iliyojulikana kama AH 26. Haikuwa na yujinoli, lakini ilipokuwa ikiganda ilitoa formaldehaidi, na aina yake yenye fedha ilitia jino weusi. Miaka ya 1990 ilikuja AH Plus, isiyo na kasoro hizo kwa kiwango kikubwa na ambayo imekuwa kipimo cha kulinganishia saruji nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 2000 zikafuata saruji za kalsiamu silikati, zilizotokana na kazi ya Mahmoud Torabinejad wa Loma Linda kuhusu saruji ya MTA miaka ya 1990. Zote hizi haziwekewi yujinoli. Hata hivyo, mabaki yake kwenye dentini hayana budi kuondolewa, kwa sababu yanaziba mirija na kuzuia gundi kuingia.

Vimiminika vya kusafishia

Njia ya kale zaidi ni pamba kavu. Inaondoa kinachoonekana na kuacha kinachodhuru. Ya pili ni spiriti. Ethanoli ya asilimia 70 hadi 95, au alkoholi nyingine ya hospitali, huyeyusha yujinoli na kuing'oa kwenye uso wa dentini, na hadi leo ndiyo inayotumika kwa wingi baada ya saruji ya karafuu, kwa sababu ni nafuu na inapatikana kila hospitali. Kwa saruji za epoksi spiriti ni dhaifu zaidi. Majaribio ya maabara yaliyofanywa kwa hadubini ya elektroni, mengi nchini Brazili, yamerudia kuonyesha kwamba hakuna kimiminika kimoja kinachosafisha dentini kabisa baada ya AH Plus. Acha muda upite na hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu saruji iliyokomaa haiyeyuki tena.

Klorofomu ilitumika sana, hasa kuondoa gatapecha mzizi unaporudiwa. Mwaka 1976 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa katika dawa na vipodozi kwa hofu ya saratani, na wengi wakageukia mafuta ya mikalatusi na mafuta ya maganda ya machungwa. Asetoni na ethyl asetati zimejaribiwa pia. Kimiminika kinachoyeyusha gatapecha kinaweza kuacha utando mpya wa gatapecha laini juu ya dentini, na kazi ikaanza upya.

Vimiminika viwili vya mfereji vina historia yake. Sodiamu haipokloraiti, kemikali ileile ya jiki ya kufulia, ilipata umaarufu kwa Henry Dakin aliyeosha vidonda vya vita mwaka 1915, kisha Walker akaitumia mzizini mwaka 1936. Huua vijidudu na kuyeyusha nyama ya kiini, lakini huacha oksijeni inayozuia rezini kukomaa. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba sodiamu askobeti, chumvi ya vitamini C, hurudisha nguvu ya kushika. EDTA, kemikali inayoondoa kalsiamu na kufungua vinywa vya mirija, iliingizwa katika tiba ya mzizi na Birger Nygaard-Østby wa Norwei mwaka 1957. Tangu McComb na Smith walipoeleza mwaka 1975 utando wa uchafu unaoachwa na vifaa vya kukwangua, vimiminika hivi viwili hufuatana katika mafundisho mengi. Maarifa yote haya yanalingana juu ya jambo moja: kimiminika hakitoshi. Kukwangua kwa keekee ndogo ya jino hadi dentini mpya ionekane, au kutumia mtetemo wa sauti yenye masafa ya juu pamoja na maji, huongeza usafi kuliko pamba peke yake.

Muhimbili na tiba bila umeme

Nchini Tanzania historia ya kusafisha dentini ina njia yake. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1979. Kabla ya hapo madaktari wa meno walisomea nje, na Nairobi ilikuwa imefungua shule yake mwaka 1974. Muhimbili ikawa chuo kishiriki mwaka 1991 na chuo kikuu kamili, MUHAS, mwaka 2007. Matabibu wa meno, kada iliyobeba kazi ya wilayani, wamekuwa wakifundishwa katika vyuo vikiwemo vya Mbeya na Tanga.

Huduma ya vijijini ilikuwa hasa kung'oa. Historia ya dunia nzima ilichangia hilo: mwaka 1910 William Hunter alitoa hotuba Montreal akiyalaumu maambukizi ya kinywani kuwa chimbuko la magonjwa mwilini, na kwa miongo kadhaa meno yaliyoweza kutibiwa yaliondolewa. Tanganyika ilirithi vifaa na imani za wakati huo. Palipokosekana umeme, maji ya bomba na eksirei, koleo ndiyo iliyobaki.

Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi aliyefundisha shule ya meno ya Dar es Salaam, alianza kutumia njia ya kusafisha jino kwa vifaa vya mkono tu. Tundu linafunguliwa kwa kifaa kikali, dentini laini iliyooza inakwanguliwa, na tundu linajazwa saruji inayoshikamana na jino lenyewe. Kwanza ilitumika saruji ya polikaboksileti, kisha ayonoma ya kioo, iliyotengenezwa London na Wilson na Kent. Umeme hautakiwi, na mara nyingi ganzi pia haitakiwi. Hatua ya kusafisha ina nafasi ya pekee: uso wa tundu hupakwa asidi hafifu ya poliakiriliki kwa sekunde 10 hadi 15, huoshwa kwa pamba yenye maji, kisha hukaushwa bila kuachwa mkavu mno. Majaribio ya uwanjani yaliendelea Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Tanzania, iliyokuwa ikipokea maarifa ya kuziba meno kutoka nje, hapo ilitoa yake.

Ayonoma ya kioo ina faida kwa mada hii. Inashikamana na kalsiamu ya dentini na haikomai kwa mwanga wa taa, kwa hiyo mabaki kidogo ya yujinoli hayaiharibu kama yanavyoharibu rezini. Kwa zahanati na vituo vya afya ni chaguo la busara la tabaka la kwanza juu ya mzizi uliozibwa.

Mbulu na Hanang

Nyanda za juu za Mbulu, wanakoishi Wairaki, na Hanang, penye mlima wa volkano unaofika takriban mita 3,417, zilikuwa katika Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Kata ya Tumati iko katika nyanda hizo za Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na misheni ya Kilutheri kutoka Norwei, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya tiba ya rufaa katika eneo hilo, pamoja na hospitali ya mjini Mbulu. Kwa mkulima wa ngano au mfugaji wa Mbulu, kutibu mzizi wa jino kunadai safari zaidi ya moja, na kila safari ina nauli na siku ya kazi iliyopotea. Hivyo kung'oa huonekana kumaliza mambo.

Mbali na ugumu huo wa kurudi hospitalini, kuna sababu nyingine inayofanya usafi wa dentini uhitaji uangalifu zaidi huko. Manyara na Arusha zipo katika ukanda wa Bonde la Ufa ambako miamba ya volkano hutia floraidi nyingi katika maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania iliwahi kuruhusu kwa muda, kuanzia miaka ya 1970, hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu vyanzo vilivyo chini ya hapo vilikuwa vichache mno. Kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kilianzishwa kutafuta njia za kupunguza floraidi, na mkaa wa mifupa ukawa moja ya majibu yake. Magadi yanayotiwa katika maharage na mboga ili yaive haraka nayo yana floraidi. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania miaka ya 1990 ulieleza madoa ya meno kwa watoto wa maeneo yenye maji yasiyo na floraidi nyingi kwa kutazama matumizi ya magadi jikoni.

Meno yaliyolelewa na floraidi nyingi huwa na madoa meupe hadi ya kahawia. Enameli yake huhimili asidi, hivyo muda wa kawaida wa kupaka asidi ya fosforiki hauitoshi, na mganga hulazimika kuurefusha au kuukwangua uso kwanza. Jino ambalo uso wake tayari hushika gundi kwa shida, likiongezewa mabaki ya saruji ya karafuu ndani, hupoteza kizibo mapema kuliko jino la sehemu nyingine. Mgonjwa wa Tumati hana nafasi ya kurudi kila kizibo kinapodondoka.

Kanuni zilizobaki

Miaka mia moja na hamsini ya majaribio imeacha kanuni chache zinazoweza kutekelezwa na tabibu yeyote wilayani. Masalia yaondolewe saruji ikiwa mbichi, dakika zilezile za kumaliza mzizi. Kama juu kutawekwa rezini, saruji isiyo na yujinoli ichaguliwe tangu mwanzo. Kama ni saruji ya karafuu pekee iliyopo, dentini isuguliwe kwa pamba yenye spiriti mara kadhaa, kisha ikwanguliwe hadi ukuta mpya uonekane, na asidi ipakwe na kusuuzwa kwa maji mengi. Kizibo cha muda cha karafuu na zinki nacho kihesabiwe kuwa chanzo cha yujinoli. Pasipo na uhakika wa usafi, ayonoma ya kioo itangulie na rezini ifuate.

Kwa mgonjwa, jambo la kushika ni moja: mzizi uliozibwa haujapona mpaka jino lizibwe juu. Aliyeambiwa arudi wiki inayofuata asikae mwaka. Kwa wenye kupanga huduma za wilaya, chupa ya spiriti, ayonoma ya kioo na taa ya kukomazia rezini hugharimu kidogo kulinganisha na meno yanayong'olewa kwa kukosa hivyo. Mikoa ya kaskazini ilijaaliwa maji yenye floraidi nyingi. Watu wake wanastahili matabibu walioandaliwa kwa ajili ya meno hayo, na dentini iliyosafishwa vizuri ndiyo mwanzo wa haki hiyo.